Baba hajawahi kuonja pombe, leo wanataka kumchoma alkoholi kwenye umio

SWALI

Shikamoo Daktari.

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi, kwa hiyo nisamehe kama maneno hayakupangika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu ana miaka 58. Amevua Ukerewe tangu ujana, dagaa na sangara, mpaka miaka minne iliyopita alipoacha kwa sababu tumbo upande wa kushoto lilikuwa zito. Akiinama kuvuta nyavu anasikia kama amebeba jiwe.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliamka usiku, akasema ana kichefuchefu. Mama akamletea beseni la kufulia, lile dogo la bluu. Mimi sikuwepo, ila mdogo wangu alilipiga picha kwa simu akanitumia, na mpaka leo sijaifuta wala sijaweza kuitazama mara ya pili. Damu ilikuwa na mabonge kama maini. Alfajiri wakapanda kivuko. Kufika huku akaongezewa chupa tatu za damu, kisha wakamwingiza mpira wenye kamera. Wakasema mishipa ya umio imevimba, mitatu ni mikubwa sana, na chanzo ni ini lililoharibiwa na kichocho.

Damu imekata. Lakini daktari anasema asirudi nyumbani kabla mishipa hiyo haijachomwa sindano, kwa sababu ile mipira ya kuifungia kwa sasa hawana. Nilipouliza atachomwa dawa gani, akanijibu: alkoholi halisi.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Baba ni Msabato, mzee wa kanisa, hajawahi kuonja hata bia. Kijijini wameshaanza kusema ini huharibiwa na pombe, kwa hiyo kumbe mzee alikuwa anakunywa kwa kujificha. Baba mdogo alisimama pale pale koridoni akasema, "Mtu amekaa miaka 58 bila pombe, leo apigwe gongo kwa sindano? Tena ini lenyewe bovu?" Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam amempigia daktari anayemfahamu, akaambiwa wao wanatumia ethanolamini, alkoholi ni mambo ya zamani, tumpeleke huko. Binamu yangu anasema hata ethanolamini imepitwa na wakati, tusubiri mipira. Na baba mdogo huyo huyo wa gongo jana kaja na hoja mpya: kama ni spiriti tu, si tununue ya duka la dawa, ya bei rahisi, tumpelekee daktari?

Naomba unisaidie. Kati ya alkoholi na ethanolamini, ipi bora na ipi ya hatari? Zipo nyingine? Tumsafirishe? Ni kweli alkoholi itamlewesha au kulimaliza ini? Baba mwenyewe amenyamaza, anatusikiliza tu. Daktari anataka jibu kesho kutwa.

Mtoto wa kwanza, Mwanza


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole mama, maana yeye ndiye aliyelishika lile beseni.

Nianze na safari, kwa kuwa ndiyo yenye haraka. Msimsafirishe. Kutoka hapo mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na mishipa ya umio ikishapasuka mara moja hupasuka tena kwa urahisi, hasa katika wiki 6 za mwanzo. Ikipasuka saa nane za usiku basi likiwa kati ya Nzega na Singida, mle ndani hamna damu ya kuongezewa wala kamera, kuna kondakta tu. Ulizeni kama hapo hapo mjini ipo hospitali nyingine yenye mipira. Kama ipo, hospitali yenu ipige simu yenyewe na impeleke kwa gari la wagonjwa. Kama haipo, achomwe hapo alipo.

Sasa tuje kwenye gongo. Baba mdogo amenichekesha, lakini swali lake si la kijinga. Alkoholi ile ni ethanoli, ile ile iliyomo kwenye bia, na hilo sina sababu ya kumficha. Kinachotofautiana ni kiasi na mahali inapowekwa. Daktari huchoma kama mililita 1 kila sehemu, na jumla ya siku moja kwa kawaida haizidi mililita 10. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi. Kwa hiyo hata kama yote ingeingia kwenye mzunguko wa damu, baba asingefikisha nusu ya chupa moja, na kwa kweli nyingi yake hufanya kazi pale pale ilipochomwa, ikiukausha ukuta wa mshipa. Hatalewa, na ini halitadhurika kwa kiasi hicho. Upande wa imani mimi si mchungaji, ila kila alipochomwa sindano maishani mwake alipakwa spiriti kwanza, na sidhani kama kanisa lilimwita kikaoni.

Lakini hiyo hoja ya pili ya baba mdogo, ya kununua spiriti dukani, mkatalieni kabisa, hata akikasirika. Spiriti ya kusafishia vidonda huwa imechanganywa na vitu vingine ili watu wasiinywe, na mara nyingi kimojawapo ni methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Inayochomwa kwenye mishipa ni ethanoli safi iliyotengenezwa kwa ajili ya sindano, isiyo na vijidudu, yenye lebo, na inatoka famasi ya hospitali.

Kuhusu waliomsingizia mzee ulevi: kichocho kinatosha. Wale minyoo wa kichocho cha tumbo hukaa kwenye mishipa ya utumbo, wanataga mayai, na mengi yanasombwa na damu mpaka ndani ya ini. Huko yanakwama kwenye vitawi vidogo vya mshipa mkuu unaoleta damu kutoka utumboni. Kila yai linaacha kovu. Baada ya miaka ishirini au thelathini njia imeziba. Umewahi kuona mfereji mkuu wa majaruba ya mpunga ukizibwa? Maji hayakai yakasubiri, yanapanda pembeni na kuingia kwenye vijaruba ambavyo havikujengwa kubeba maji mengi. Damu nayo hufanya hivyo. Inarudi nyuma kwenye bandama, ndilo lile jiwe la upande wa kushoto, na inapanda kwenye vimishipa vya umio, ambavyo ukuta wake ni mwembamba, mpaka vinatutumka na siku moja kimoja kinapasuka.

Katika haya yote kuna habari moja njema. Mgonjwa wa kichocho mara nyingi ini lake bado linafanya kazi yake, tofauti na ini lililosinyaa kwa pombe au kwa homa ya ini. Njia ya damu imeziba, lakini kazi nyingine za ini zinaendelea. Ndiyo maana wagonjwa hawa huvumilia kutoka damu na kupona vizuri kuliko wengine, ilimradi wasifike wamechelewa. Waombeni tu wampime pia homa ya ini B na C, kwa sababu magonjwa haya yanaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja, na hapo hesabu inabadilika.

Sasa dawa zenyewe. Utaratibu huu ulianza mwaka 1939, pale Crafoord na Frenckner, madaktari wa Sweden, walipoeleza jinsi walivyochoma dawa yenye kwinini kwenye mishipa ya umio kupitia bomba gumu la chuma. Kisha ukasahaulika kwa miaka mingi, ukarudishwa na madaktari wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, walioandika mwaka 1973 juu ya miaka yao 15 ya kutumia ethanolamini oliati. Kwa hiyo shemeji yako akisema alkoholi ni ya zamani na ethanolamini ni ya kisasa, mwambie ethanolamini nayo ina wajukuu.

Kazi inafanyika hivi. Kwenye skrini mshipa unaonekana kama kamba ya rangi ya samawati iliyovimba, ikipanda umio kwa mafundo mafundo, na ile iliyo karibu kupasuka ina madoa mekundu juu yake. Kutoka kwenye ncha ya mpira wenye kamera inatokeza sindano fupi ya milimita kama 4 au 5, imechongoka kama mwiba wa sato. Inaingia kwenye mshipa. Daktari anasema "sukuma", nesi anasukuma bomba la sindano, na ile samawati inapauka huku unaitazama. Nilipokuwa daktari kijana, nesi mmoja mtu mzima alinifundisha kuzitofautisha dawa hizi kwa dole gumba: ethanolamini ni nzito, inakataa kusukumwa, na ukitikisa kichupa chake inatoa povu. Si ajabu, kwa asili ni sabuni. Imetengenezwa kwa asidi ya mafuta ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Morrhuati nayo ni sabuni, ila ya mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, na inajulikana zaidi kwa kuleta mzio. Sodiamu tetradesili na polidokanoli ni za jamii ya vitu vinavyotoa povu pia. Zote hizo huondoa utando wa ndani wa mshipa kama sabuni inavyoondoa mafuta kwenye sufuria, damu inaganda pale, kisha kovu linaziba njia. Alkoholi haina povu. Inakausha na kuchoma, nayo ni nyepesi kama maji, kwa hiyo nesi asiyezoea anaweza kusukuma nyingi bila kukusudia.

Ukizipambanisha kwa kuzuia damu, hakuna inayoziacha nyingine mbali. Zimelinganishwa mara nyingi, na mshindi wa wazi hakupatikana. Tofauti ziko kwenye majeraha yanayobaki. Alkoholi huziba mishipa haraka, pengine kwa vipindi vichache, ni rahisi kupatikana, na India wameitumia sana. Lakini inapomwagika nje ya mshipa huacha kidonda kirefu, na maumivu ya kifua huwa makali zaidi. Ethanolamini ni ya wastani zaidi kwa tishu. Kikomo chake ni mililita 20 kwa siku moja, na ikizidi inaweza kuleta maji kwenye mapafu au kuumiza figo. Tetradesili ni kali, nayo inajulikana kwa vidonda. Polidokanoli ni pole kidogo, na inaweza kuchomwa hata pembeni ya mshipa ili kuubana kutoka nje. Kuna na gundi, sianoakrilati, ndugu wa ile supaglu ya kubandikia viatu. Hiyo ni ya mishipa ya tumbo la chakula, si ya umio, na hatari yake ni kipande cha gundi kusafiri mpaka mapafuni. Kama kamera haikuona mishipa tumboni, gundi haiwahusu.

Ningekuwa mimi, na kabatini zikiwa zimepangwa zote mbili, ningechukua ethanolamini. Lakini hilo ni kwa sababu mkono wangu uliizoea. Daktari aliyechoma alkoholi kwa miaka kumi, anayejua kuishia mililita 1 na kuhamia sehemu nyingine, namwamini kuliko anayefungua kichupa cha ethanolamini kwa mara ya tatu maishani. Ukipata nafasi mwulize kwa adabu: "Dokta, hii ndiyo mnayoitumia siku zote?" Akijibu ndiyo, umeshapata jibu la robo tatu ya barua yako.

Binamu naye yuko sahihi, tena kuliko nyinyi wote. Mipira, ile inayofunga shingo ya mshipa mpaka unanyauka na kudondoka, ilianzishwa Marekani na Stiegmann miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imeonekana wazi kwamba inashinda sindano: damu hairudi mara nyingi, vidonda ni vidogo, vipindi ni vichache, na vifo vimepungua. Popote ilipo, ndiyo ya kwanza. Tatizo lake mnalijua, seti moja hutumika kwa mgonjwa mmoja na bei yake si ya mchezo. Kofia inayobeba mipira hiyo, inayovalishwa kwenye ncha ya kamera, pia hubana macho ya kamera, hivyo damu ikiwa inaruka wapo madaktari wanaoona sindano ni rahisi zaidi. Basi kosa la binamu ni kwenye neno "tusubiri". Achomwe sasa. Mipira ikija wiki tatu zijazo, vipindi vinavyofuata vinaweza kufanywa kwa mipira, hakuna kinachogombana.

Nimesema vipindi, kwa maana hii si sindano ya siku moja. Atarudi baada ya wiki moja mpaka tatu, tena na tena, mpaka mishipa ionekane imekwisha, na baada ya hapo kamera ya kuangalia tu kila baada ya miezi kadhaa. Wengi wanaopoteza maisha si waliochomwa dawa mbaya, ni waliochomwa mara moja, wakajisikia vizuri, wakarudi kisiwani na kuona nauli ya kivuko ni gharama isiyo na sababu. Pangeni hiyo nauli leo, ninyi watano, kabla hamjabishana jambo jingine.

Baada ya sindano atasikia maumivu nyuma ya mfupa wa kifua na pengine joto la mwili, siku moja au mbili. Hilo ni la kawaida. Homa ikiendelea, akishindwa kupumua vizuri, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, arudishwe saa hiyo hiyo. Chakula kianze na vimiminika vya baridi, kisha uji wa vuguvugu, mtori au wali uliopondwa. Ugali mgumu na dagaa wakavu wasubiri. Wiki moja baadaye vidonda pale palipochomwa ni jambo la kutarajiwa, ndiyo maana atapewa omeprazoli, ya kupunguza asidi ya tumbo, au dawa ya kufunika vidonda. Na kama wiki kadhaa mbele chakula kitaanza kukwama kooni, mwambieni daktari, kovu linaweza kuwa limebana njia, na lina namna yake ya kupanuliwa. Diklofenaki na aspirini asiguse tena. Wavuvi wanazipenda kwa mgongo, na duka lolote huziuza bila kuuliza.

Kuna kidonge kimoja cha bei ndogo ambacho hamkukitaja, propranololi. Hiki ndicho kinachopunguza msukumo kwenye ule mfereji wenyewe, wakati sindano na mipira vinashughulika na vijaruba tu. Kama hana pumu, na presha yake haiko chini, ulizeni kwa nini bado hajaanzishiwa, au kama ameanzishiwa, lengo ni mapigo mangapi ya moyo. Wengi tunalenga 55 mpaka 60 kwa dakika. Mdogo wako aliyepiga picha ya beseni ana simu yenye saa. Mfundisheni kushika kifundo cha mkono na kuhesabu. Kidonge hiki hakiachwi ghafla, hata dawa ikiisha siku ya Sabato.

Umeandika kwamba baba amenyamaza, anawasikiliza. Mzee ana akili timamu na ndiye mwenye mishipa. Mmewaeleza mashemeji na mabinamu, mweleze na yeye: kinachochomwa ni nini, ni kidogo kiasi gani, na kwa nini si gongo. Mwulize anataka nini, kisha jibu hilo ndilo umpelekee daktari kesho kutwa, si azimio la koridoni.

Na prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo wa kichocho. Huenda amewahi kumezeshwa zamani, lakini dawa hii kwa miaka mingi iligawiwa zaidi mashuleni, watoto wakipangwa kwenye fimbo ya urefu ili kujua vidonge vingapi, na wavuvi watu wazima wakapitwa. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba penye kichocho kingi wapewe wote wenye umri wa kuanzia miaka 2. Haitaondoa makovu yaliyokwisha kujengeka kwa baba, ila itaua minyoo wanaoendelea kutaga. Muulize daktari amezeshwe lini.

Wewe umesema ni mtoto wa kwanza wa mvuvi wa Ukerewe. Uliogea ziwani, ukachota maji, ukaosha vyombo na miguu ikiwa majini mpaka magotini, na wadogo zako wanne hivyo hivyo. Ukishamaliza zamu ya leo kwenye hilo benchi, nenda maabara ukapime choo, na mwombe daktari akupige utrasaundi ya ini na bandama. Mama pia.